Tamko la wastaafu wa jeshi: mna haja nalo?

Mzee wangu wa Wete, shikamoo. Umeuliza kama nyinyi mliostaafu jeshi mtunge tamko moja la kusoma kila mkikutana. Mimi naona liwepo, ila fupi. Tamko la askari wa Marekani lina ahadi ya kutomwacha mwenzako aliyeanguka. Hiyo azimeni, mengine yanawahusu walio kazini. Kwenu aliyeanguka ni yule asiyeonekana barazani tangu Ijumaa, na simu hapokei. Andikeni nani atakwenda kumpigia hodi, na nauli ya kumpeleka hospitali Mkoani itoke mfuko gani. Siasa msiziingize humo (Pemba yetu unaijua). Na asiyetaka kusoma asilazimishwe; wapo waliochoka na viapo.