Shangazi Anajibu: Mgahawa wa kaa usiopokea buking

Wiki hii barua nyingi zinauliza mahali pamoja, Swan Oyster Depot, ile kaunta ya vyakula vya baharini pale mtaa wa Polk, San Francisco. Sijui nani kawarushia video, ila naona mmeamka wote kwa pamoja. Nimechagua chache na nimezifupisha, maana wengine mliandika mpaka historia ya ndoa.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi nakaa Sacramento, wifi yangu anakuja kutoka Dar mwezi wa 11 na keshaniambia kabisa anataka kwenda kula kaa pale kwa Swan. Nimehangaika kutafuta pa kubuku meza sioni, kumbe wanasema hawabuku. Mume wangu anasema twende tu, tukifika tumpe kitu kidogo jamaa wa mlangoni atupitishe. Inawezekana? *Wifi wa Temeke*

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Mwambie mumeo hiyo ya kitu kidogo aiache hukohuko, na hata angetaka angempa nani, mlangoni hakuna mtu wa kupanga watu, foleni inajipanga yenyewe nje kando ya barabara na kila mtu anamjua aliyemtangulia. Ukimpita mtu pale hutapambana na weita, utapambana na foleni nzima yenye njaa.

Sasa elewa unakokwenda. Usitegemee ukumbi wenye meza na vitambaa vyeupe. Lile ni duka la samaki lenye kaunta ndefu ya marumaru na stuli 18, basi, meza hakuna hata moja. Lipo tangu 1912, lilianzishwa na ndugu fulani wa Kidenmark, akina Lausten, halafu 1946 likanunuliwa na familia ya Sancimino ambao ndo wanalo mpaka leo. Wanafungua saa mbili asubuhi na saa nane na nusu mchana wanafunga, Jumapili hawapo, na ratiba angalieni tena kabla hamjatoka Sacramento maana ni mwendo. Ndo nasema wifi akishazoea kuamka saa nne ajue hapo hakuna kaa. Nendeni katikati ya wiki, mfike kabla hawajafungua, watu 18 wa kwanza wanaingia moja kwa moja, mkiwa wa 19 mnaanza kuhesabu. Jumamosi saa sita mchana kusimama saa nzima au mbili ni kawaida kabisa, msije mkaniandikia tena kulalamika.

Halafu mwezi wa 11 huo una mtego. Kaa wenyewe wanaitwa Dungeness, na msimu wa wavuvi wa biashara maeneo hayo kwa mazoea ulikuwa unaanza katikati ya Novemba, ila miaka ya karibuni serikali ya California imekuwa ikiusogeza mbele kwa sababu nyangumi wananasa kwenye kamba za mitego, mpaka wakishahama ndo wavuvi wanaruhusiwa, na mwaka mwingine hiyo ni Januari. Msimu wa 2015 ulikuwa mbaya zaidi, kaa walikutwa na sumu inayotokana na mwani, wakafungiwa hadi Machi 2016. Sisemi wifi atakosa, kaa wanaweza kuletwa kutoka Oregon au Washington, ila kama tiketi haijakatwa mshauri aje Januari au Februari.

Na mwambie mapema kwamba karibu kila kitu pale kinaletwa baridi. Kaa kashachemshwa, kapoa, kavunjwavunjwa, unapewa na limau na sosi, au wanamtandaza juu ya saladi yenye sosi ya pinki wanayoiita Crab Louie. Kaa wa kukaanga na pilipili wa soko la Feri kule Dar asimtafute hapo. Kitu cha moto ni supu yao nzito ya kome, na hiyo subiri, kuna mwenzako kaiulizia huko chini.

SWALI: Shangazi salaam. Mimi naona hii ya kukataa kubuku ni kiburi tu cha watu wakishapata jina. Kwetu Mombasa ukienda hoteli kubwa wapiga simu, wawekewa meza, wafika wakaribishwa. Huku mtu na pesa zake asimamishwa nje na baridi kama aomba. Kwani wao wapoteza nini wakipokea simu? *Kijana wa Kibokoni, Oakland*

SHANGAZI: Punguza moto baba. Nikuulize, ukienda Forodhani pale Unguja jioni unambuku nani? Unafika, unatazama mishikaki ya pweza na ngisi, unasubiri zamu yako, unakula, na hujawahi kusema Wazanzibari wana kiburi.

Piga hesabu na wewe. Stuli ni 18. Chukua watu wanne wamebuku saa sita, wamekwama kwenye daraja la Bay Bridge wakitoka kwenu Oakland, unalijua mwenyewe lile daraja. Tayari stuli nne kati ya 18 zimekaa wazi, zaidi ya sehemu moja kwa tano ya mgahawa mzima, na nje kuna watu wanaziangalia kupitia kioo. Hoteli yenye meza mia inameza hasara hiyo bila hata kuhisi, hawa hawawezi, na saa zao za kazi zenyewe zinaisha mchana. Mikahawa mingine siku hizi imeamua kukuomba namba ya kadi ukibuku ili usipotokea wakukate, sasa hiyo ungeiita nini? Na kuna kitu kingine watu hawakifikirii, samaki wa leo ni wa leo. Mwenye duka hapangi kwa daftari la wageni, anapanga kwa kilicholetwa asubuhi, kikiisha kimeisha.

Ila kuna sehemu nakuunga mkono. Foleni inampendelea mwenye muda. Mtu anayefanya shifti mbili, au mwenye mtoto mgongoni, au mwenye magoti mabovu, huyo foleni inamtoa bila kumwambia toka. Buking nayo inampendelea mwenye kompyuta na vidole vyepesi anayevizia nafasi mwezi mmoja kabla usiku wa manane, kwahiyo kila njia ina watu wake inaowaacha nje. Mimi kati ya hizo mbili nachagua foleni kwa sababu angalau naiona kwa macho yangu na najua aliyenitangulia katangulia kweli.

Baridi nakubali. Chukua koti hata kama ni Julai, hasa Julai, ukungu wa San Francisco unawacheka watu waliovaa kaptula.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mavyaa wangu kaja kutoka Tanga, tuko sita pamoja na watoto wawili, na mume wangu kang'ang'ania lazima tumpeleke mama yake Swan akapaone. Mimi naona aibu, mama mtu mzima nimsimamishe barabarani? Na tukitangulia wawili kushika nafasi halafu wengine waje baadaye si sawa? *Mkwe Mwoga, San Jose*

SHANGAZI: Marahaba, na aibu yako ni ya haki kabisa, ibebe hivyohivyo umwoneshe mumeo.

Hapana, si sawa. Kushika nafasi kwa watu wanne wanaokuja baadaye ndo njia ya haraka ya kutukanwa kwa lugha ambazo mavyaa hazijui lakini sauti ataielewa. Na hata mkisimama wote sita, stuli sita zinazofuatana kuachwa wazi kwa wakati mmoja ni bahati nasibu, watu wanaondoka wawili, mmoja, wawili. Mtasubiri huku mnawaona walio nyuma yenu wanaingia wawiliwawili, au mtakubali kugawanyika mama akae katikati ya watu asiowajua. Na stuli zenyewe hazina pa kuegemea mgongo. Pale ni pa mtu mmoja au wawili, watatu mkibanana.

Fanya hivi. Mume aende na mama yake wawili tu siku ya Jumatano asubuhi, waende mapema, na kama mama miguu inamsumbua mume asimame yeye kwenye foleni na mama akae kwenye gari au mgahawa wa kahawa wa jirani mpaka wakaribie mlango, mtu mmoja mzee akiungana na mwanawe hakuna atakayenuna. Wakitaka raha zaidi wapande ile tramu inayovutwa na kebo ya mtaa wa California, inapita Polk, mama atapata na cha kusimulia Tanga.

Wewe na watoto siku ya familia nendeni kwenye masoko ya Wachina, mtaa wa Clement au Stockton, msimu ukiwa umefunguliwa mtakuta kaa wazima kwenye matangi. Mchague aliye mzito anayerusha miguu. Wanaovuliwa kibiashara ni madume tu na lazima gamba lifike upana wa inchi 6 na robo, kwahiyo kaa mmoja anakaribia kilo, lakini nyama ni kama robo ya uzito wake, usije ukanunua wawili ukidhani umelisha watu sita. Nunua wanne. Chemsha na chumvi dakika 15 hadi 20, fungua gamba, toa yale matamvua ya kijivu pembeni hayaliwi, mkate vipande, halafu nazi, ndimu, pilipili mbuzi, unajua mwenyewe kilichobaki. Na hapo mavyaa atasema kaa wa mkwe wangu, hatasema kaa wa Swan.

SWALI: Assalaam alaykum Shangazi. Mi ni Mwislamu na pia nina mimba ya miezi mitano. Rafiki zangu wa kazini wananipeleka kwa Swan, nikae nile nini? Chaza mbichi zinanivutia sana sijui kwanini. *Mja mzito mwenye hamu, Daly City*

SHANGAZI: Waalaykum salaam, hongera mama.

Chaza mbichi hapana. Hamu ni hamu lakini chaza mbichi wanaweza kubeba bakteria aina ya vibrio pamoja na virusi vya tumbo, na wajawazito, wenye ugonjwa wa ini na wenye kinga dhaifu wanaambiwa kabisa wasile. Kuna watu watakwambia kamulia limau au pilipili vitaua, haviui, moto ndo unaua. Utakaa utawaangalia wenzio wakimeza. Kaa na kamba waliopikwa ni salama kwako, japo wakiwa wamekaa baridi hakikisha wametoka kwenye barafu na si kusinzia juu ya kaunta, kwa sehemu yenye wateja wengi namna ile kitu hakipati muda wa kusinzia. Yale mafuta ya manjano ndani ya gamba la kaa, ambayo pale wanakuletea uchovye mkate, wewe yaache, sumu ya mwani ikiwepo hujikusanya hapo kwenye utumbo kuliko kwenye nyama.

Upande wa dini, kwa madhehebu ya Shafii, na wengi wetu wa pwani ndo sisi, wanyama wa baharini kwa jumla ni halali. Wa madhehebu ya Hanafi wanakubali samaki tu. Ila kaa mwenyewe wamo wanazuoni wa Kishafii waliomkataa kwa hoja kwamba anaishi majini na nchi kavu, ndo maana kwetu utakuta nyumba hii wanamla na nyumba ya pili hawamgusi. Huyu wa California anakaa chini ya bahari hatembei mikokoni kama yule wetu wa kwenye matope, lakini fatwa si kazi yangu, muulize shehe wako umwambie na hilo.

Cha kuangalia kweli ni ile supu ya kome. Supu za aina hiyo Marekani mara nyingi zinaanzwa na bekoni au mafuta ya nguruwe, na kwenye bakuli jeupe la maziwa huoni kitu. Uliza kila mahali kabla hujatia kijiko, na jibu likiwa "sidhani" hesabu kwamba imo.

SWALI: Mimi niko Boston, huko California mbali. Na huku kuna mahali kama hapo? *Mpenda Kambakoche*

SHANGAZI: Nenda Neptune Oyster, mtaa wa Salem kule North End, ipo tangu 2004, nayo haibuku. Tofauti ni kwamba pale unaandikisha jina, unaachiwa ukazunguke, wakikufikia wanakuita, kwahiyo hutumikii foleni kwa miguu. Wajinga wanaandikisha jina halafu wanakwenda kushiba keki kwa Waitaliano wa jirani. Agiza mkate wa kambakoche wa moto wenye siagi.

SWALI: Shangazi ni kweli kwa Swan hawapokei kadi? Na tipu naacha ngapi, maana kaka yangu anasema sehemu ya kaunta hakuna tipu. *Bahili wa Fremont*

SHANGAZI: Kweli, keshi tu, pita benki kwanza na uchukue zaidi ya unavyodhani, kaa anauzwa kwa bei ya siku ile na bei ya siku ile haina urafiki na mtu. Tipu ipo, asilimia 15 mpaka 20 kama kwingine Marekani. Kaka yako kachanganya na dirisha la kuchukua chakula uondoke. Hapo yule anayekupasulia chaza mbele ya macho yako ndo huyohuyo anayekuletea, anayekufutia na anayekupigia stori, mwachie chake juu ya kaunta, noti ndogondogo, halafu inuka upesi, kuna mtu nje anakuangalia.