Maswali ya Wasomaji: Utupa wa Majirani Wawili

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Mhariri. Kwa miaka mingi nimehifadhi kunde zangu kwa unga wa majani ya utupa niliochuma kwa jirani, na fukusi hawakuzigusa. Mwaka jana nilichuma kwa jirani mwingine, majani yakiwa yale yale kwa macho, lakini kunde zote zilitobolewa. Je, ni mmea mmoja au miwili, na jani peke yake linatosha kuitenganisha?
Mkulima, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykumu salaam. Utupa unaojulikana zaidi, Tephrosia vogelii, umo katika jamii ya mikunde pamoja na kunde zenyewe, nao una nduguye, Tephrosia candida, ambaye watu wengi huwachanganya. Wataalamu huyakausha majani, huyasaga na kuyaloweka katika methanoli, aina ya spiriti, kisha huzitenganisha kemikali zake kwa kromatografia. Wanachokitafuta hasa ni rotenoidi, kemikali za sumu ambazo humzuia mdudu au samaki asiweze kuitumia oksijeni mwilini. Rotenoidi hizo zimo pia katika mimea ya Derris, ambayo mmojawapo hutambaa mikokoni, na kuwepo kwa rotenoidi katika Derris na katika utupa kunaunga mkono ujamaa wa mimea hiyo ambao maua na maganda yalikwisha kuuonyesha.

Hata hivyo, jani peke yake halitoshi. Watafiti waliochunguza utupa wa wakulima wa Malawi walichapisha mwaka 2012 kwamba ndani ya spishi hiyo hiyo ya vogelii mna makundi mawili: moja lina rotenoidi, na jingine halina, bali lina kemikali za namna nyingine, ziitwazo flavonoidi, na unga wake hauwadhuru fukusi wa kunde. Anayeainisha kwa kemikali tu angeweza kuwatenga ndugu wa tumbo moja, na kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko kuchelewa kutoa jina.

Kwa hiyo huenda majirani zako wana mmea mmoja wenye kemikali mbili, au huenda majani ya mara ya pili yalianikwa juani, kwani mwanga wa jua huziharibu rotenoidi. Rangi ya ua isikuhadae, maana vogelii hutoa maua meupe na ya zambarau. Tazama ganda lake, ambalo ni pana na lina manyoya mengi. Ukitaka kupeleka jani kwa mtaalamu, lifunge pamoja na ua na ganda la mti ule ule, na mbegu za kupanda uzichukue kwa jirani wa kwanza.