Barua kwa mwanangu: mizigo ya safari na mbwa

Mwanangu mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka hapa Mafinga. Mimi na mama yako hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Ujumbe wako nimeusoma pamoja na orodha ndefu uliyoiambatanisha, na swali lako nimelielewa: mwezi Septemba wewe na mumeo mtatoka Dar es Salaam kwa gari, mtapita kwetu, kisha mtateremka kupitia Tukuyu hadi Matema kupiga kambi kando ya Ziwa Nyasa, na safari hii mnakuja na mbwa wenu Popi, sasa gari halitoshi, nawe wataka kujua katika vitu vyote hivyo mchukue vipi na mwache vipi.

Nimefanya kazi ya mifugo maisha yangu yote, kwa hiyo utanisamehe nikisema kwamba aliyeiandika orodha hiyo hajui njia yenu. Ameweka kitanda cha mbwa, miwani ya jua ya mbwa na boya la kuogelea, lakini sabuni hakuiweka. Ninachokushauri ni kupanga mizigo kwa kuifuata barabara yenyewe, yaani kujiuliza ni wapi mbwa atapatwa na shida gani, na kitu cha kumsaidia pale kiwe kimekaa wapi ndani ya gari.

Shida ya kwanza ni joto, nalo litawakamata kuanzia Chalinze na kurudi tena kwa nguvu katika bonde la Ruaha Mbuyuni, kule kwenye mibuyu, kabla hamjaanza kupanda Kitonga. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na kila anapohema anapoteza maji. Mbwa wa kilo 20 kama Popi huhitaji takribani lita moja ya maji kwa siku akiwa ametulia nyumbani, na katika safari ya namna hii uhesabu mara mbili. Basi chukueni dumu lake peke yake la lita 10, na dumu hilo lisiwe chini ya hema na magodoro, bali nyuma ya kiti cha abiria pamoja na bakuli lake, ili mweze kumnywesha kila mnaposimama, na msimame kila baada ya saa mbili au tatu. Mkisimama kula, mmoja wenu abaki naye kivulini. Gari lililofungwa, hata nje kukiwa na nyuzijoto 30 tu, ndani yake hupita 45 katika nusu saa, na vioo vilivyoachwa wazi kidogo havisaidii kitu. Ukimwona ulimi umekuwa mwekundu sana, mate yanamtoka mazito na miguu inayumba, mmwagie maji ya kawaida tumboni na kwenye mapaja kwa ndani, kisha mpepeeni. Msimfunike kwa taulo lililoloa, kwa maana taulo hulizuia joto lisitoke. Pakia kipimajoto cha kwake. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39, hivyo usishtuke ukiona 38.8, ila likipita 40 ujue mna dharura.

Kati ya Morogoro na mji wa Mikumi, barabara kuu inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Kupita mnaruhusiwa, lakini mbwa haruhusiwi kuingizwa kutembea hifadhini, kwa hiyo haja zake azimalize kabla ya geti, na mtakaposimama tena muwe mmekwisha kuvuka upande wa pili. Wengi huona sheria hii ni ya kusumbua watu. Mimi siioni hivyo, kwa sababu mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ulihusishwa na mbwa wa vijijini, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, yaani wapatao 1,000. Kwa sababu hiyo hiyo nataka Popi awe amechanjwa distempa na kichaa cha mbwa, na chanjo ya kichaa kama imepitwa na muda wake arudiwe sasa, wala si wiki ya safari. Cheti cha chanjo kikae pamoja na kadi ya gari, na picha yake iwe kwenye simu zenu zote mbili.

Katika kipande hicho hicho cha hifadhi kuna mbung'o, nao hulifuata gari linalotembea na hupenda sana rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Fungeni vioo, na lile shuka la bluu mlilomtandikia kwenye picha uliyonitumia libaki nyumbani. Mtandikieni la kaki au jeupe.

Sasa kupe, ambao mimi nawaogopa kuliko chui. Dawa ya kumdondoshea mgongoni apakwe siku chache kabla ya kuondoka, na usikubali mtu akuuzie dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwa kuwa nguvu yake inaweza kumdhuru mbwa. Pakia kibanio chenye ncha nyembamba. Kila jioni mkiwa kambini, mlaze chini ya taa na umpapase taratibu: ndani ya masikio, chini ya ukosi, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Ukimpata kupe, mkamate karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumkamua, wala usimchome kwa kiberiti au kumpaka mafuta ya taa. Baada ya hapo, hata mkiwa mmerudi nyumbani, uwe unatazama fizi zake na mkojo wake kwa wiki kadhaa; fizi zikipauka au mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, asilale siku hiyo bila kuonwa na daktari.

Kuhusu kumfunga. Ndani ya gari avae mkanda wa kifuani ulioshikizwa kwenye mkanda wa kiti, kwa sababu kamba ya shingoni breki zikikamatwa ghafla humnyonga. Kambini chukueni mnyororo mwepesi wa mita 3, maana kamba ya katani ataitafuna kabla maji ya ugali hayajachemka, na msimfunge kwenye gari, kwani ipo siku mtu ataliwasha akiwa amesahau. Usiku alale ndani ya hema nanyi. Fisi na chui wote humla mbwa, na mbwa aliyefungwa nje hana pa kukimbilia. Huko Matema asiachwe kuogelea karibu na midomo ya mito, kwani mamba hukaa huko, na mbele ya mamba boya la kwenye orodha yako halina kazi.

Chakula kiwe kile kile alichokizoea, unga wake na dagaa wake wakavu. Msimpe mabaki ya rosti wala kachumbari, kwa kuwa vitunguu humharibia damu, na mifupa ya kuku iliyopikwa humchoma utumbo. Alfajiri ya kupanda Kitonga asile, kwani kona zile humtapisha hata binadamu. Vyombo vyake vifungwe katika mfuko wake, visichanganyike na sufuria zenu. Mtakutana na wenyeji Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, na wengine wanaomwogopa mbwa tu, kwa hiyo kila mtakapotaka kulala piga simu mapema useme mna mbwa, usimfiche.

Katika mkoba wa huduma ya kwanza weka bandeji, chumvi safi ya kuchanganya na maji ya kuoshea vidonda, glavu, na sabuni ya kipande. Mbwa mgeni akimng'ata mmoja wenu, au Popi akimng'ata mtoto wa watu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 papo hapo, ndipo mwende hospitali kupata chanjo siku hiyo hiyo. Dawa zenu za maumivu, parasetamoli na nyinginezo, zikae mbali naye, na msimpe hata nusu kidonge.

Kitanda chake acheni. Blanketi zito pia msibebe, kwa kuwa baridi itawakuta kuanzia Iringa, na mkifika hapa nitawapa la kwangu la zamani mwende nalo. Ila taulo mbili za ziada chukueni, kwani Tukuyu mvua haisubiri msimu. Mama yako anasema stoo ya mahindi ataifagia kwa ajili ya Popi, mradi usithubutu kumwachia aingie jikoni. Nami nitaomba uniambie tarehe mapema ili nisiwe shambani siku mtakayofika.

Msalimie sana mumeo.

Ni mimi,
Baba yako