Gari linawaka kila siku, Jumatatu linakataa

Betri ikifa usiku, inalaumiwa betri. Ikinunuliwa mpya na tatizo likarudi, inalaumiwa alternata, ile inayochaji betri injini ikizunguka. Pesa inateketea mara mbili na gari bado linasukumwa. Kwenye magari yenye miaka 15 hadi 25, hizi Corolla, Noah na Mark II zilizotoka Japani na kupita mikononi mwa mafundi wengi, angalia kwanza kama kuna kitu kinaendelea kula umeme wakati ufunguo uko mfukoni.

Chukua taa ya buti isiyozimika. Balbu ya wati 5 inakula ampia 0.4 hivi. Kwa usiku wa saa 10 hiyo ni Ah (ampia mara saa) 4 tu, na betri ya Ah 45 itazungusha stata bila shida. Lakini likiegeshwa Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi, zimepita saa 60, na Ah 24 zimekwenda. Zaidi ya nusu ya betri! Ndiyo maana gari la kwenda kazini kila siku halionyeshi dalili yoyote mpaka likae.

Kabla ya kusaka, hakikisha betri yenyewe ni nzima. Ichaji ijae, iache itulie saa kadhaa, kisha pima kwa mita ya umeme (multimita): volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Na tafadhali, usikubali fundi achomoe kichwa cha betri injini ikiwaka eti anapima alternata. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alternata. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka juu na zinaweza kuua kompyuta ya gari au diodi (vipitishi vya umeme kwa upande mmoja tu) za alternata iliyokuwa nzima.

Sasa kazi yenyewe. Zima kila kitu, toa ufunguo, fungua boneti. Acha mlango wa dereva wazi ili ufikie fyuzi za chini ya dashibodi, ila kile kitufe cha taa kwenye nguzo ya mlango kibonyeze na ukibane kwa tepu. Legeza nati ya waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10. Kabla ya kutumia mita, weka balbu ya breki ya wati 21 kati ya nguzo ya hasi na waya wake uliochomolewa. Ikiwaka kwa nguvu na isififie, kuna mzigo mkubwa, na mita usiiguse bado, maana kwenye mita nyingi za bei nafuu tundu la 10A halina fyuzi ya kulilinda. Ikiwa imezimika au nyuzi yake ina wekundu hafifu tu, endelea.

Rudisha kichwa cha hasi bila kukikaza. Hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, ubane kwenye kichwa cha waya, na mweusi kwenye nguzo ya betri. Mita ikishashika, ndipo unyanyue kichwa. Kwa njia hii umeme haukatiki hata sekunde moja, na kompyuta na alamu haziamki upya. Usiwashe swichi, usiwashe taa kubwa. Subiri dakika 30, kwa sababu namba ya mwanzo huwa kubwa kisha hushuka yenyewe. Wengi hudanganyika hapa. Ikitulia chini ya ampia 0.05, gari halina tatizo la kula chaji.

Ikibaki juu, isome vizuri, maana namba yenyewe inakupa fununu. 0.4 ni balbu ya wati 5: ya buti au ya darini. Kwa ya buti, weka simu ndani ikirekodi video, funga, hesabu hadi kumi, fungua uitazame. 0.1 inaweza kuwa balbu ndogo ya kabati la dashibodi. 0.15 mara nyingi ni koili ya rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) inayoshikiliwa na swichi mbovu. Pitisha vidole juu ya rilei zote, hiyo utaikuta ina uvuguvugu wakati nyingine ni baridi. Namba inayopanda na kushuka ni ya kitu kisicholala, hasa alamu ya kufungwa baadaye.

Baada ya hapo chomoa fyuzi moja moja, za ndani na za boneti, huku mwenzako akiangalia mita. Namba ikiporomoka, simama hapo. Kwenye Toyota anza na ile iliyoandikwa DOME, kwa kuwa humo hupita taa za ndani, saa na kumbukumbu ya redio.

Fyuzi zote zimetoka na namba haijasogea? Shuku alternata, maana waya wake mnene unaelekea betri kupitia fyuzi kubwa ambayo watu hawaigusi. Toa mita, tenga waya wa hasi kabisa, fungua nati ya waya huo nyuma ya alternata, uzungushie tepu ya umeme, kisha rudisha mita. Namba ikianguka, diodi inavuja, hata kama alternata inachaji vizuri mchana.

Mkosaji mwingine wa kila mara ni redio. Waya wa njano ni wa kumbukumbu, mwekundu ni wa kuwashia kwa ufunguo. Mafundi huzisokota pamoja ili muziki upigwe bila ufunguo, na redio hailali tena. Zitenganishe, mwekundu uufunge kwenye waya wenye umeme ufunguo ukiwa ACC (hatua ya redio) tu.

Ukimaliza, rudisha waya wa mita kwenye tundu la volti. Ukiusahau kwenye 10A kisha ukapima betri, umepiga shoti. Usiku wa pili pima tena, na zile dakika 30 zisipungue, ikibaki 0.1, kuna kingine bado kinakula.