Samansi ya ajali ya 2021

Kaka pole sana, ila hiyo samansi usiikalie hata kidogo. Umesema Noah yako ilimgonga mwenye baiskeli pale Mwanga Machi 2021 na leo ndo unadaiwa fidia mahakama ya wilaya. Angalia tarehe uliyosaini kuipokea, maana kuanzia hapo una siku 21 za kupeleka utetezi wa maandishi, na tangu kanuni zibadilishwe 2019 mambo ya kuongezewa muda yamebana kweli, ukipitiliza unaomba ndani ya siku 7 na sababu ya maana uwe nayo, ukikubaliwa unapewa 10 tu, ukizembea kesi inasikilizwa upande mmoja.

Ila mi naona nguvu yako iko kwenye ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi. Madai ya ajali mwisho miaka 3 (ya mkataba ndo 6), kwa hiyo soma muhuri wa mahakama kwenye hati ya madai, kama imefunguliwa baada ya Machi 2024 mwambie wakili aweke pingamizi la awali, yaani apinge mapema kwamba muda umepita kabla kesi haijasikilizwa. Labda tu kama aliyegongwa alikuwa mtoto, huyo miaka 3 yake inaanza kuhesabiwa akishatimiza miaka 18. Na kama gari ilikuwa na bima siku ile wapelekee kopi leo leo, usisubiri hukumu ndo uwatafute.