Kuvunjika moyo si kukata tamaa: kwa mnaoanza kuandika habari

Ninyi mnaoingia leo kwenye chumba cha habari, mtayahitaji maneno haya kabla wiki haijaisha, hasa mkipangiwa michezo. Nilipokuwa mgeni niliandika kwamba timu "ilikata tamaa" baada ya kufungwa bao la pili. Mhariri akaniuliza, "Walikata tamaa, halafu wakasawazisha vipi?" Sikuwa na jibu. Nashukuru habari ilikuwa haijachapwa.

Anayekata tamaa ameacha. Kamba ikishakatwa, hakuna cha kuvuta tena. Aliyevunjika moyo bado yupo kazini, ila ari imemshuka na mikono imekuwa mizito. Akitiwa moyo huinuka. Ukitaka kupima, malizia sentensi kwa "lakini akaendelea". "Alivunjika moyo lakini akaendelea" inakubali. "Alikata tamaa lakini akaendelea" inakwaruza sikio.

Tamaa yenyewe hapa ni matumaini, si uroho. Ndiyo maana "hana tamaa", yaani hana uroho, huwa sifa, na "amekata tamaa" ni habari mbaya. Wanaojifunza Kiswahili ukubwani hupotea hapo, wala siwalaumu.

Kinachonichosha zaidi ninapohariri ni viambishi. "Vunjika" haimtaji mtendaji, kwa hiyo msiniletee "wafanyakazi walivunjika moyo na meneja". Kama unajua aliyefanya, sema: "meneja aliwavunja moyo", au "walivunjwa moyo na meneja". Nimeona waandishi wengi wakijificha nyuma ya "-ika" kwa kuogopa kumtaja mkubwa, na msomaji anabaki akidhani moyo ulijivunjikia wenyewe. Tamaa nayo hukatwa na mwenyewe. Jambo la nje hukatisha: "matokeo yaliwakatisha tamaa". Na moyo ubaki umoja hata watu wakiwa 100. "Walivunjika mioyo" nawaachia washairi.

"Kufa moyo" kuna harufu ya woga ndani yake: ujasiri umekwisha, mtu hathubutu tena. Msilitumie kwa mtu aliyechoka tu.

Kuna na "kunywea", neno ninalolipenda kuliko yote haya. Mtu amekuja kifua mbele, maneno tele, akaambiwa jambo moja, akanywea: akasinyaa pale pale. Lakini hilo ni neno la aliyeona kwa macho. Kama mlizungumza kwa simu, umejuaje kwamba alinywea?