Usianze na jedwali la safu mbili

Mwaka wangu wa pili chuoni tulipewa insha ya kulinganisha falsafa ya Kiislamu na ya Magharibi. Nikapiga mstari katikati ya karatasi. Kushoto nikaandika wahyi, imani, jamii. Kulia akili, shaka, mtu binafsi. Madrasa nilikuwa nimepita, Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, nilikuwa nimeanza kumsoma, basi nikajiona mjuzi wa kote kuwili. Insha ikarudi na swali moja kwa kalamu nyekundu: "Na Ibn Rushd unamweka wapi?" Alama 11 kati ya 30.

Sikuwa na pa kumweka. Ibn Rushd (1126–1198) alikuwa kadhi huko Andalusia na bingwa wa fiqhi ya Kimaliki. Huyohuyo ndiye aliyevifafanua vitabu vya Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani wa kale, hadi wasomi wa Kikristo wa Ulaya wakawa wanamwita "Mfafanuzi" tu, jina wakaliacha.

Tangu hapo anayeniuliza aanzie wapi humwambia aache kambi, ashike swali moja na kulifuata linakokwenda. Mimi lililonifungua macho ni la pamba na moto.

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyemtangulia Ibn Rushd, katika Tahafut al-Falasifa, kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, anauliza: pamba ikigusana na moto huungua, lakini nani ameona moto ukiiunguza? Ulichoona ni pamba kuungua moto ulipokuwepo. Kwamba imeungua kwa sababu ya moto, hilo umeliongeza mwenyewe. Mtendaji ni Mungu, nasi tumezoea tu kuona viwili hivyo vikifuatana. Zaidi ya miaka 600 baadaye, David Hume wa Uskoti akasema jambo la karibu sana na hilo kwa mipira ya biliadi: mmoja unaugonga mwingine, wa pili unaondoka, na ile "lazima" iliyo kati yao haionekani popote.

Hapa wengi wetu hupiga makofi: tuliwatangulia! Nami nilipiga. Kisha nikarudia kusoma. Mazoea ya Hume yamo kichwani mwa mtazamaji. Ada anayoisema al-Ghazali ni mwendo aliouweka Mungu, na akitaka huusimamisha, ndiyo maana Nabii Ibrahimu hakuungua. Mmoja anapunguza tunachoweza kudai kukijua, mwingine anaupa muujiza nafasi. Maneno yamekaribiana, shughuli ni mbili.

Ibn Rushd naye hakumkubalia al-Ghazali. Akajibu kwamba anayeondoa sababu ameondoa akili, na akahoji hiyo "ada" ya Mungu ni kitu gani, maana ada hupatikana kwa kurudiarudia. Basi kadhi yuko na Aristotle, na al-Ghazali, aliyepewa lakabu ya Hujjat al-Islam (hoja ya Uislamu), yuko karibu na Hume, Mskoti aliyenyimwa uprofesa Edinburgh kwa tuhuma za ukanamungu. Jedwali langu lilikufa hapo.

Kuna faida na mtego katika Kiswahili chetu. Shaka, yakini, dhana, nafsi, akili, sababu, hata falsafa yenyewe, vyote vimetufikia kwa Kiarabu, na hilo la mwisho Waarabu walilitoa kwa Wayunani. Unaingia kwa al-Ghazali kama umeingia nyumba ya jamaa. Ila nafsi anayoijadili mwanafalsafa Ibn Sina siyo ile inayotamani pilau. Weka daftari la maneno.

Na usiruke dibaji! Wasomi wa Kilatini waliisoma Maqasid al-Falasifa ya al-Ghazali, kitabu kinachoeleza mafundisho ya wanafalsafa, bila utangulizi wake, wakamdhania mfuasi wa wanafalsafa aliokusudia kuwapinga.

Kwa kuanzia, chukua al-Munqidh min al-Dalal, masimulizi ya al-Ghazali ya safari yake ya kutafuta yakini, ni fupi, usome sambamba na Tafakuri ya kwanza na ya pili za Descartes (1641). Wote wawili wanaacha kuyaamini macho. Al-Ghazali anatazama nyota, ndogo kama dinari, na hesabu zinamwambia ni kubwa kuliko dunia. Anasema aliugua shaka hiyo karibu miezi miwili, akaponywa na nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Descartes anatoka kwa mlango mwingine: anayeshuku, hakosi kuwepo. Kaa hapo kwenye milango, usikimbilie nani alimwibia nani.

Likizo ile nilimsimulia shangazi habari ya pamba, yeye akipepea jiko la mkaa. Hakugeuka. "Mwanangu, mimi nikiteleka sufuria nasema itachemka inshallah. Lakini mkaa nanunua."

Akanituma kopo la pili.